Mtoto Afundishwe Kujitolea, Asifundishwe Kutolewa

Neno la kwanza la ibada ambalo mtoto wa Kikristo hapa Kenya hulishika mkononi ni sadaka. Hulishika kwa maana halisi ya kushika: ni sarafu ya shilingi 10 anayotiwa kiganjani na mamake mlangoni mwa kanisa, akaifinya hadi ikalowa jasho, kisha akaitumbukiza kapuni mbele ya wenzake. Muulize mtoto huyo wa miaka mitano sadaka ni nini, naye atakujibu bila kusita kwamba sadaka ni pesa. Hajakosea. Ila baada ya miaka miwili au mitatu ataketi darasani alisikie neno lilo hilo likitumiwa kumhusu kondoo anayechinjwa na kuteketezwa, kisha kumhusu mwana anayefungwa kamba na babake mlimani, na hatimaye kumhusu Yesu msalabani. Yupo nani anayemweleza jinsi shilingi 10 zilivyogeuka mwili wa mtu?

Mimi si mwanatheolojia, wala sidai kuwafundisha makasisi kazi yao. Taaluma yangu ni isimu. Hata hivyo, dini humfikia mtoto kwa njia ya maneno kabla ya kumfikia kwa njia nyingine yoyote isipokuwa mapajani mwa wazazi wake, na kwa hiyo nadhani mwanaisimu ana haki ya kutia neno lake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisikiliza, kwa sikio la mtu wa lugha, namna tunavyowafunza watoto wadogo upendo na kujitolea katika masomo ya dini ya Kikristo, shuleni siku za wiki na kanisani Jumapili. Nililolisikia linanitia wasiwasi.

Tuanze na upendo, maana ndio mwepesi. Kiswahili kimekirimiwa nomino mbili kutokana na kitenzi kimoja, kupenda: upendo na mapenzi. Wafasiri wa Agano Jipya walitambua tofauti yake mapema. Kigiriki cha Agano hilo hutumia neno agape kwa upendo wa Mungu na wa jirani, na neno eros halimo kabisa ndani yake. Kiswahili nacho kikaliweka neno upendo mahali pa agape na kuyaacha mapenzi yaende zake kwenye taarabu na barua za vijana. Ila hayakuenda yote. Katika Sala ya Bwana, kama inavyosomwa katika tafsiri ya Union Version ya mwaka wa 1952, mapenzi yana maana ya matakwa ya Mungu, na mwalimu yeyote wa shule ya msingi anajua jinsi darasa linavyoanza kucheka kichinichini sala ikifika hapo. Wakatoliki wameikwepa aibu hiyo kwa kusali kwa kitenzi cha kutaka. Hilo ni jambo dogo. Linaloniudhi ni kwamba mwalimu huwakemea wanafunzi wanaocheka badala ya kuwaeleza, kwa dakika moja tu, kwamba neno moja limebeba mizigo miwili. Mtoto aliyekuja shuleni na neno wendo kutoka Nyeri, au hera kutoka Kisumu, anajua vyema upendo ni nini. Amekwisha kubebwa mgongoni. Kazi ya mwalimu ni kuliunganisha neno jipya na mgongo ule wa mama, basi.

Kujitolea ndiko kugumu. Hapa lugha yetu ina utajiri ambao ukitumiwa ovyo huwa mtego. Tuna sadaka, neno lililotoka katika Kiarabu ambako shina lake linahusiana na ukweli na unyofu wa moyo. Tuna dhabihu, ambayo ni ndugu ya madhabahu, na shina lake ni kuchinja. Hakuna dhabihu bila kisu. Tuna kafara, ambayo asili yake ni kufunika au kufuta kosa, lakini katika matumizi ya kila siku ya Mkenya imechafuka: kiongozi akifukuzwa kazi ili kuwaokoa wakubwa wake husemwa ametolewa kafara, na mtoto akipotea kijijini watu hunong'ona neno hilo kwa hofu ya wachawi. Kisha tuna mhanga, ambaye siku hizi ni mtu aliyepatwa na maafa. Maneno haya yote hutupwa mbele ya watoto katika kipindi kimoja cha nusu saa kana kwamba ni visawe. La hasha, si visawe. Kila moja lina picha yake, na mtoto wa miaka saba haoni dhana, huona picha.

Mpwa wangu alipokuwa na miaka sita aliletwa kwangu likizo ya Pasaka. Jioni ya Ijumaa Kuu, tukiwa mezani, aliacha kula akaniuliza, 'Mjomba, baba naye anaweza kunitoa?' Sikumwelewa. Nikamuuliza kukutoa wapi. Akajibu kwamba mwalimu wao wa Jumapili amewaambia Mungu alimpenda kila mtu mpaka akamtoa mtoto wake afe, na kwamba wazazi wazuri ni wale wanaofanana na Mungu. Babake mtoto huyu ni mzee wa kanisa, mtu mpole sana. Ndiyo maana swali lile lilikuwa zito: kadiri baba alivyokuwa mcha Mungu, ndivyo binti alivyozidi kuwa na sababu ya kuogopa. Nilimwambia hapana, babako hawezi, na Mungu hataki. Alinitazama kama anayepima ushahidi, kisha akarudia chapati yake.

Mwalimu yule hakusema uongo. Alisema yaliyomo katika Injili ya Yohana, sura ya tatu, karibu neno kwa neno. Kosa lake lilikuwa la sarufi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Lichukue neno kujitolea ulitazame kama fundi anavyotazama saa iliyofunguliwa. Mna kiambishi -ji-, kile kinachorudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe: anayetoa na kinachotolewa ni mmoja. Mna mzizi wa kutoa. Na mna mnyambuliko wa kauli ya kutendea, ambao unadai kwamba yuko mtu au jambo ambalo tendo hilo linafanywa kwa ajili yake. Kwa hiyo neno hili moja huuliza maswali matatu: Nani ametoa? Ametoa nini? Kwa faida ya nani? Na jibu la swali la kwanza na la pili lazima liwe lilo hilo. Hata tabia yake katika sentensi inafundisha. Twaweza kusema mama amekupikia, amekununulia, amekuombea. Lakini hatusemi amekujitolea, kwa kuwa nafasi ya mtendwa ndani ya kitenzi imekwisha kujazwa na -ji-. Yule anayefaidika sharti aletwe kwa maneno mengine: amejitolea kwa ajili yako.

Sasa ondoa -ji- uongeze w. Kujitolea kunageuka kutolewa. Herufi chache tu, lakini mtendaji ametoweka, na yule aliyekuwa mtendaji amekuwa kitu. Kutolewa hakuna hiari. Mbuzi hutolewa. Binti wa darasa la sita hutolewa kwa mzee mwenye ng'ombe. Katika kauli ya kutendwa, hakuna anayeulizwa.

Rai yangu ni hii: mtoto mdogo afundishwe habari za kujitolea kwa kauli yenye -ji-, na asifundishwe kwa kauli ya kutendwa mpaka amepata umri wa kuihoji. Na watu wazima wanaojitolea ndio wawe mifano. Mtoto awe yule anayefanyiwa, hasa katika miaka ya mwanzo.

Msomaji aliyeisoma Biblia vizuri atanipinga papo hapo. Atauliza: Je, Biblia yenyewe haisemi kwamba Mwana alitolewa na Baba? Inasema, na sina nia ya kuificha aya hiyo. Lakini Agano Jipya linasema pia lile jambo la pili, tena kwa msisitizo. Katika sura ya 10 ya Injili iyo hiyo, Yesu anakana kwamba kuna mtu anayemnyang'anya uhai wake. Anautoa kwa hiari yake na ana uwezo wa kuutwaa tena. Paulo akiwaandikia Wagalatia, mwishoni mwa sura ya pili, anasema Mwana wa Mungu alimpenda na kujitoa kwa ajili yake. Kigiriki cha hapo kinavutia sana. Kitenzi alichokitumia Paulo ni kile kile ambacho waandishi wa Injili wanakitumia kwa tendo la Yuda la kumkabidhi Yesu kwa maadui. Kitenzi kimoja kwa msaliti na kwa mwokozi! Kinachotenganisha matendo hayo mawili katika Galatia ni kiwakilishi kidogo chenye maana ya nafsi yake mwenyewe, ambacho Kiswahili hukifasiri kwa -ji-. Yuda alimtoa mtu mwingine. Kristo alijitoa.

Kanisa kwa karne nyingi limefundisha kwamba Baba na Mwana wana nia moja, na kwamba aliyetolewa ndiye aliyejitoa. Mtu mzima anaweza kuyashika mambo hayo mawili pamoja, ingawa wasomi wenyewe wamebishana. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, aliueleza msalaba kwa hoja ya heshima ya Mungu iliyokuwa ikidai fidia. Peter Abelard, muda mfupi baadaye, aliona kwamba nguvu ya msalaba ni upendo unaoamsha upendo ndani yetu. Ikiwa vichwa kama hivyo havikupatana, kwa nini tumtwike mtoto wa gredi ya pili hoja ya deni, mtoto ambaye deni analolijua ni lile la sukari dukani? Ukimwambia kwamba Yesu alikufa kwa sababu yako wewe, anasikia kwamba ameua mtu. Nimewasikia watoto wakiungama hivyo kwa machozi kanisani, na watu wazima wakishangilia kwamba Roho ameshuka.

Yamkini wapo watakaosema kwamba napigia kelele viambishi ilhali nchi ina matatizo makubwa. Basi na tuende Shakahola. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, katika msitu huo ulioko kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini ambao, kwa mujibu wa madai yaliyofikishwa mahakamani, walikuwa wamehimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Mnamo mwaka wa 2024 kiongozi wa kundi hilo na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, nao wakakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama na si ya safu hii. Lakini watoto wale walikufa, na hakuna mtoto wa miaka minne anayefunga. Mtoto wa miaka minne hunyimwa chakula. Tazama tena sarufi: mzazi anaweza kusema kwamba anajinyima, mtoto wake ananyimwa. Wale waliokuwa na umri wa kuelewa bila shaka walikuwa wamesikia, kabla ya kuingia msituni, nyimbo na mahubiri kama yale tunayoyasikia sote, kwamba kupenda ni kukubali kuteseka na kwamba mtoto mwema hutii. Ni nani aliyekuwa amewafundisha kwamba yapo matoleo ambayo Mungu huyakataa?

Wala si lazima kwenda msituni. Msichana huambiwa aache masomo ili karo imtoshe kakake, na neno linalotumiwa kumshawishi ni kujitolea. Mtoto anayepigwa nyumbani huambiwa astahimili kwa kuwa Yesu alistahimili. Mtu mzima mwenye nia mbaya humwambia mtoto kwamba akimpenda kweli hatatoboa siri yao. Katika kila mfano huu upendo na kujitolea vimetajwa, na katika kila mfano ni mnyonge anayetolewa kwa faida ya mwenye nguvu, kinyume kabisa na mwelekeo wa Injili ambamo mwenye nguvu huinama kuwaosha wanyonge miguu. Twapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Nakiri ni methali nzuri, lakini nimekuwa nikijiuliza mbona hatukumbuki kwamba samaki anayekunjwa amekwisha kufa.

Kuna neno jingine la kutahadhari nalo, nalo ni kujitoa mhanga. Zamani lilikuwa neno la sifa, la mtu anayejitia hatarini kwa ajili ya wenzake. Sasa mtoto hulisikia katika taarifa ya habari likiwahusu washambuliaji wanaojilipua sokoni au hotelini. Mwalimu akimwambia kesho yake kwamba Yesu alijitoa mhanga, mtoto ataunganisha mambo ambayo hayafai kuunganishwa. Na hapa -ji- peke yake haitoshi, maana hata anayejilipua amejitoa. Ndiyo sababu nashikilia ule mnyambuliko wa kutendea. Ametoa kwa ajili ya nani? Nani amepona kwa sababu yake? Asipokuwapo aliyepona, huko si kujitolea, liwalo liwe jina linalopewa kitendo hicho redioni.

Kwa umri wa chekechea, mtu aliyenifaa zaidi katika kulifikiria suala hili ni Sofia Cavalletti, msomi wa Biblia aliyeanza mwaka wa 1954 huko Roma, akishirikiana na Gianna Gobbi, mwalimu wa mbinu za Maria Montessori, kuwafundisha watoto wadogo dini. Cavalletti aliwatazama watoto kwa miongo mingi kabla ya kuandika. Alichokiona ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi sita hana njaa ya mafunzo ya maadili. Ana njaa ya kupendwa na kuufurahia upendo huo. Simulizi iliyowagusa kuliko nyingine zote ilikuwa ile ya Mchungaji Mwema anayewajua kondoo wake kwa majina, na watoto wenyewe, bila kuambiwa, walitambua kwamba kondoo ni wao. Maswali ya wajibu na ya kutenda mema aliyaacha kwa miaka iliyofuata sita.

Kwetu simulizi hiyo ina faida na ina kikwazo. Mtoto wa Kajiado au wa Samburu anamjua mchungaji hasa. Amemwona kakake akirudi usiku na mwanakondoo begani. Mtoto wa mtaa wa Umoja jijini Nairobi anamjua mchungaji kuwa ni bwana mwenye suti na maikrofoni. Mwalimu wa Nairobi aanze kwa kuwaonyesha picha ya malisho, la sivyo darasa zima litaamini kwamba kondoo wanahubiriwa.

Watoto wakishapita gredi ya tatu hivi, wanaweza kusimuliwa habari za watu waliolipa gharama kubwa kwa kupenda. Ningependekeza kisa kimoja kutoka nchini humu, tena cha mwalimu. Mnamo Novemba 2014 magaidi walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Tarehe 21 Desemba mwaka uliofuata walilishambulia basi jingine katika kaunti hiyo, karibu na El Wak, wakaamuru tena abiria wajitenge. Waislamu waliokuwamo walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Abiria wakasema wauawe wote au waachwe wote. Miongoni mwa waliopigwa risasi alikuwa Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mwislamu, ambaye alifariki mwezi wa Januari 2016 kutokana na majeraha hayo. Mwaka wa 2017 kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka wa 2018.

Najua wapo walimu watakaoona haya kumtumia Mwislamu kama kielelezo katika somo la dini ya Kikristo. Wasome sura ya 10 ya Luka. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakumchagua mtu wa kabila wala wa hekalu lake. Alimchagua Msamaria, na kuhani akamwacha apite upande wa pili wa barabara. Aidha, kisa cha Mandera kina jambo ambalo visa vingi vya mashahidi wa dini havilionyeshi waziwazi. Mwalimu Farah hakupanda basi akitafuta kufa. Alikuwa akisafiri kama mtu yeyote asafirivyo. Alichokataa ni kuwaacha wenzake, na kifo kikawa bei aliyotozwa na waovu. Mtoto akilielewa hilo, ameelewa tofauti kati ya kumpenda mtu na kupenda mateso. Msalaba pia una sura hiyo: Yesu aliomba, katika bustani ya Gethsemane, kikombe kile kimwondokee. Walimu huipita aya hiyo haraka mno. Watoto wangefaidika kujua kwamba hata yeye hakupenda kuumia.

Na Isaka je? Nimeulizwa swali hilo na walimu wanafunzi kila nilipoizungumza mada hii, na jibu langu huwa kwamba Mwanzo 22 si simulizi ya chekechea. Sisemi ifutwe. Nasema mtoto mdogo anayeisikiliza hayuko upande wa Ibrahimu, akistaajabia imani yake. Yuko mgongoni mwa kuni, ndiye anayeuliza mwanakondoo yuko wapi. Isomwe katika madarasa ya juu, na isomwe mpaka mwisho, kwa maana uzito wa simulizi umo katika mkono uliozuiwa. Mataifa mengi ya kale yaliwatoa watoto wao kwa miungu. Mambo ya Walawi, sura ya 18, yanakataza mtoto kutolewa kwa Moleki, na nabii Yeremia katika sura ya saba anakana kabisa kwamba Mungu aliwahi kuliagiza jambo hilo. Katika shule za Pwani na nyinginezo zenye wanafunzi Waislamu, mwalimu anaweza kuongeza kwamba nao huikumbuka simulizi hii wakati wa Idd-ul-Adha, wengi wao wakimtaja Ismaili, na kwamba katika Kurani, sura ya 37, baba humwambia mwanawe alichokiona ndotoni na kumuuliza rai yake. Mwana huulizwa. Wanafunzi wa gredi ya saba wanaweza kujadiliana kuhusu tofauti hiyo kwa kipindi kizima na wasichoke.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unatamka kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Vyema. Je, mtoto mdogo atatenda nini katika somo la kutoa? Zile shilingi 10 za mlangoni hazimfundishi, kwa kuwa hazikuwa zake; alikuwa tarishi tu kati ya mfuko wa mama na kapu la kanisa. Atoe kitu chake: nafasi yake ya mbele katika foleni, zamu yake ya bembea, nusu ya andazi lake. Na awe huru kukataa bila kuaibishwa, maana asiyeweza kukataa hajajitolea, ametozwa. Sambamba na hayo, mwalimu aulize kila mara, ni nani aliyejitolea kwa ajili yako wiki hii? Mtaani kwangu watoto wangemtaja mama anayeamka saa kumi alfajiri kuchoma mandazi ya kuuza ili walipiwe karo. Ni mfano wanaoulala na kuuamkia, na bado hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba unahusiana na somo la dini.

Simulizi ya Biblia inayokwenda na zoezi hilo ni ya mikate mitano na samaki wawili. Injili zote nne zinausimulia muujiza huo, lakini ni Yohana peke yake, katika sura ya sita, anayetuambia kwamba chakula kile kilikuwa cha mvulana. Hatuambiwi jina lake. Kilikuwa chakula chake, mikate ya shayiri, mikate ya maskini. Nimehudhuria somo moja la kisa hiki katika darasa la gredi ya kwanza ambapo mwalimu alileta mikate mitano ya ngano, akawaita watoto watano wampe kila mmoja wake, akaikata na kuwagawia wenzao zaidi ya 40, kisha akasifu moyo wa kutoa. Wale watano walirudi kwenye viti mikono mitupu, na mmoja wao alikuwa akilengwalengwa na machozi. Yohana anasema umati wote ulikula ukashiba, vikabaki vikapu 12 vya vipande. Mvulana alikuwamo katika umati. Mwalimu atakayelirudia somo hilo mwaka ujao na ahesabu vikapu pamoja na darasa, kisha wale watano wawe wa kwanza kupewa kipande.